Bana matumizi, panga uzee, na bado msafiri: mwongozo kamili kwa familia

Kwa miaka mingi nyumbani kwetu tulijua kubana. Taa zilizimwa mapema, dagaa walipikwa siku nne kwa wiki, na sare za shule zilishuka kutoka kwa mtoto mkubwa hadi mdogo. Lakini mwisho wa mwaka tukifungua kibubu hatukuti cha maana. Ilituchukua muda mrefu kuelewa kwamba shilingi uliyoiokoa sokoni ikibaki kwenye pochi italiwa tu, kama si Jumatano basi Ijumaa. Siku tulipoanza kuihamisha papo hapo, tukaipa jina na tarehe ya kutumika, ndipo kubana kulipoanza kuzaa.

Mimi ni fundi cherehani, kipato changu kinapanda na kushuka. Mume wangu ameajiriwa na kampuni binafsi. Tuna watoto watatu na tunakaa Kimara, Dar es Salaam. Yeye ana miaka 46, na akifika 60 lazima astaafu. Ninayoyaandika hapa yanafuata mpangilio tuliopita sisi, ila nimeziweka mwanzo hatua ambazo tungezianza mapema tungejua.

Hatua ya 1: Daftari la siku 30

Kabla ya kukata chochote, andika kila kinachotoka kwa siku 30. Usimkemee mtu na usibadilishe mtindo wa maisha, andika tu. Daftari likae jikoni na kalamu ifungwe kwa kamba, kwa sababu kalamu ikipotea zoezi limekufa. Mwisho wa wiki chukua simu zenu mbili, soma jumbe za miamala, ongeza yale yaliyosahaulika pamoja na makato ya kutuma na kutoa.

Mwezi ukiisha, gawa matumizi katika mafungu: chakula, nishati, nauli, shule, afya, michango ya watu, bando na vocha, na lile la "sijui". Kwetu fungu la "sijui" lilizidi ada ya mtoto mmoja. Bodaboda za kituoni hadi nyumbani, ambazo kila moja ilionekana ndogo, zikijumlishwa zilitosha kununua mchele wa mwezi. Sikuamini mpaka nilipojumlisha mara ya pili.

Hatua ya 2: Jua uzee wenu utalipwa shilingi ngapi

Watu wengi wanairuka hatua hii, nami naona ndiyo inayobeba mwongozo mzima. Huwezi kujua ubane kiasi gani kama hujui pengo ni kubwa kiasi gani.

Aliyeajiriwa sekta binafsi yuko NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: michango ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu kwa mwajiriwa na nusu kwa mwajiri. Mtumishi wa umma yuko PSSSF, mfuko ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya zamani ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Huko mtumishi anachangia asilimia 5 na mwajiri 15. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60, na ili upate pensheni ya kila mwezi unatakiwa uwe na michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15.

Omba taarifa ya michango yako sasa, usingoje barua ya kustaafu. Hesabu mwezi kwa mwezi. Mume wangu alikuta miezi mitano ambayo mwajiri wake wa zamani alimkata lakini hakuipeleka. Kwa kuwa alikuwa ametunza hati zake za mshahara, ilifuatiliwa ikaingia. Tangu hapo kila hati ya mshahara inaingia kwenye faili la plastiki juu ya kabati, na faili lile halishushwi kwa shughuli nyingine.

Sasa hesabu. Kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya pensheni, kilichoanza Julai 2022 kinachukua idadi ya miezi uliyochangia, kinaigawa kwa 580, kisha kinazidisha na wastani wa mshahara wako wa mwaka katika miaka mitatu bora ndani ya miaka kumi ya mwisho. Hapo unapata pensheni kamili ya mwaka. Sehemu yake inalipwa kwa mkupuo, yaani yote kwa mara moja, baada ya kuzidishwa kwa 12.5, iliyobaki inalipwa kila mwezi. Sehemu ya mkupuo ilikuwa asilimia 33 kwa wote. Katika bajeti ya 2024/25 ilipandishwa hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani, na hadi 35 kwa waliokuwa wakipata 25.

Chukua mshahara wa shilingi 1,200,000 na miaka 30 ya kuchangia, yaani miezi 360. Kwa mwaka mshahara ni 14,400,000. Zidisha kwa 360, gawa kwa 580: unapata kama 8,938,000. Kwa mkupuo wa asilimia 35, mkononi zinakuja takriban milioni 39.1, na kila mwezi takriban 484,000. Linganisha: mshahara huohuo leo, baada ya michango na kodi ya mapato, unaacha kama 928,000 mfukoni. Pensheni ni karibu nusu yake. Tulipoiandika namba hiyo kwenye daftari, mume wangu alinyamaza, akainuka akaenda kuzima televisheni. Usiku ule tulizungumza mpaka saa saba.

Kwa aliyejiajiri kama mimi, mwajiri wa kuniongezea hayupo. NSSF inapokea wanachama waliojiajiri, wakiwemo mafundi, mama lishe, wakulima na bodaboda. Nenda kajiandikishe hata kama utaanza na kima cha chini, kwa sababu ile miezi 180 inahesabiwa kuanzia siku unapochangia.

Hatua ya 3: Andika tarehe mbili ukutani

Sisi tuliandika tarehe ya kustaafu na tarehe ya safari inayofuata. Zote mbili, kwa sababu familia inayobana kwa ajili ya uzee peke yake huchoka. Watoto hawaelewi mwaka wa mbali, ila wanaelewa Desemba. Mtoto wangu wa mwisho akitaka soda njiani huwa namuuliza, "Mwanangu, soda au treni?" Mara nyingi huchagua treni, na siku akichagua soda nampa, kwa kuwa nilimuuliza.

Tena magoti hayasubiri mkupuo. Nimewaona wazazi waliosema watatembea wakistaafu, na walipostaafu presha na kisukari vikawa vinaamua waende wapi. Safari ndogo zifanyike sasa, kubwa moja iwekewe akiba.

Hatua ya 4: Kata pale panapovuja sana

Jiko ndilo linalokula zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo.

Mahindi yananunuliwa mara moja kwa mwaka. Bei huwa chini baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Agosti, kisha hupanda kuelekea Januari na Februari. Wakwe zangu wako Njombe. Tunakwenda Juni watoto wakifunga shule, tunanunua mahindi na maharage huko, tunayasafirisha kwa lori linaloshuka Dar. Piga hesabu ya nauli ya mzigo kabla hujafurahia bei ya shambani. Asiye na ndugu mkoani aende soko la Tandale anunue kwa gunia, na akishirikiana na jirani wawili gunia halielemei mtu.

Kuhifadhi ndiko kunakowashinda wengi. Tumia mifuko ya kinga njaa, ile yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba. Bila hewa wadudu wanakufa, na hakuna haja ya dawa. Lakini mahindi yawe makavu kweli. Kipimo chake: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na kijiko cha chumvi kavu, tikisa kwa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Ukifunga yakiwa na unyevu yataota ukungu, na mahindi yenye ukungu usimlishe mtu wala kuku, yana sumu.

Saga dona badala ya sembe. Hulipii kukoboa, hupotezi kiini, na ugali wake unashiba. Watoto walilalamika wiki mbili. Saga kidogo kidogo, maana unga wa dona hauvumilii kukaa muda mrefu.

Mafuta ya kupikia nunua dumu, ila mimina kwenye chupa ndogo ya kutumia wiki nzima. Dumu likikaa wazi jikoni mkono unamimina kupita kiasi. Nyanya zikishuka bei tunanunua tenga, tunazichemsha, tunazigandisha kwenye mifuko midogo. Mchicha na matembele viko kwenye viroba vya udongo uani, vinanyweshwa maji ya kuoshea mboga. Kwa samaki, mimi huamka alfajiri kwenda soko la Feri mara moja kwa mwezi na shoga zangu wawili, tunagawana nauli na samaki.

Nishati. Tulikuwa tunachemsha maharage kwa mkaa kwa muda wa saa tatu. Sasa tunaloweka usiku, asubuhi yanaingia kwenye jiko la presha la umeme. Jiko la wati 1,000 likiwaka saa nzima bila kukata linakula uniti moja, na lenyewe hukata likishapata presha. Kwa tarifu ya kawaida uniti ni kama shilingi 356 pamoja na kodi. Linganisha na kopo la mkaa mtaani kwenu. Nyumba inayotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi inaweza kuwa kwenye tarifu ndogo ambayo uniti yake ni shilingi 100 kabla ya kodi. Kama matumizi yenu ni madogo na bado mnalipa bei ya juu, nendeni TANESCO mkaulize. Pasi na hita ya maji ndizo zinazoivusha nyumba mpaka huo. Nguo tunapiga pasi mara moja kwa wiki, zote kwa pamoja.

Shule nitapita haraka: elimu ya msingi na sekondari ya serikali haina ada, ila michango, daftari na nauli vipo, viandikieni fungu. Kama fundi nashauri hivi: mwambie fundi aache pindo la sentimita saba kwenye sketi na suruali. Sare moja inaweza kwenda miaka miwili.

Halafu kuna michango ya watu, na hapa lazima niseme wazi. Harusi, kitchen party, sendoff, ubarikio, msiba. Siungi mkono kujitenga. Siku ya msiba wako utawahitaji haohao. Lakini kadi za harusi zilikuwa zinatutoa jasho kuliko kodi ya nyumba. Tulichofanya ni kupanga kiasi cha mwaka mzima mwezi Januari. Msiba hatukatai kamwe, tunakwenda na tunatoa. Harusi tunachagua: ndugu wa damu, jirani wa karibu, na aliyetuchangia sisi. Wengine tunawaambia mapema, kwa heshima, kwamba mwaka huu fungu letu limejaa lakini tutakuja kusaidia kupika. Nimepika kwenye harusi tatu namna hiyo na hakuna aliyenuna.

Na mikopo ya kausha damu, pamoja na ile ya haraka ya kwenye simu, ikatwe kwanza kabla ya kuweka akiba yoyote. Hakuna uwekezaji unaoweza kushindana na riba zake.

Hatua ya 5: Hamisha siku ileile

Mshahara ukiingia, kabla ya kodi ya nyumba wala sokoni, tunatoa mafungu matatu: la dharura, la uzee na la safari. Kipato chetu cha pamoja kwa mwezi wa kawaida ni kama 1,378,000. Tunahamisha 150,000 ya uzee na 50,000 ya safari. Fungu la dharura tulilijaza kwanza, mwaka mzima, mpaka likafika matumizi ya miezi mitatu. Katika mwaka huo safari yetu ilikuwa moja tu, ya Bagamoyo, tulikwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Kwa wenye kipato cha kudunduliza kama changu, usingoje mwisho wa mwezi. Kila nguo ikilipwa natoa moja ya kumi hapohapo naituma. Mwezi wa Januari wa sare inakuwa nyingi, Machi inakuwa kidogo, na mwaka unajisawazisha.

Hatua ya 6: Pesa ikae wapi

Dharura iwe mahali ambapo inatoka haraka lakini haiko mkononi. Sisi tunatumia Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni inayokusanya pesa za watu wengi na kuziwekeza pamoja. Ukiomba kuuza vipande, yaani sehemu yako ndani ya mfuko, pesa inafika benki ndani ya siku chache za kazi. Siku hizo chache zinatosha kukuzuia kuita kila tamaa dharura.

Ya uzee tunaikusanya kwenye vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja, na ikifika milioni moja tunanunua hatifungani ya serikali, yaani tunaikopesha serikali kwa riba. Milioni moja ndicho kiwango cha chini cha hatifungani Benki Kuu, na unanunua kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa. Zipo za miaka 2 hadi 25. Riba inalipwa mara mbili kwa mwaka, na kwa za muda mrefu haikatwi kodi ya zuio. Ukinunua ya muda mrefu, riba uliyoikuta ndiyo yako mpaka mwisho: Aprili 2022 ya miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, lakini waliokwisha kuinunua hawakuguswa. Ukihitaji mtaji kabla ya muda unauza sokoni, na bei unaweza kuikuta imepanda au imeshuka.

Kikoba na mchezo wa kupokezana vina kazi yake, hasa kwa nidhamu na kwa mikopo midogo ya biashara. Mimi niko kwenye kikoba cha mtaani. Ila siweki humo fungu la uzee, kwa sababu kikoba kinasimama juu ya watu na watu huhama.

Itafikia wapi? Tuseme 150,000 kila mwezi, ikikua asilimia 10 kwa mwaka, jambo ambalo hakuna anayelidhamini. Kwa miaka 14 tuliyobakiza itakuwa kama milioni 54.5, wakati sisi tumeweka milioni 25.2. Bei zikipanda asilimia 4 kwa mwaka, nguvu yake kwa pesa ya leo ni kama milioni 31.5. Tungeanza miaka kumi kabla, ingekuwa kama milioni 178. Namba hiyo inaniuma, na naiandika hapa kwa ajili ya wenye miaka 30.

Ikifika siku hiyo, riba ya milioni 54.5 kwa asilimia 10 ni kama 450,000 kwa mwezi bila kugusa mtaji, yaani kama 260,000 kwa thamani ya leo. Ongeza pensheni ya 484,000. Bila ada na bila kodi ya nyumba, tunaishi.

Hatua ya 7: Nyumba na mkupuo

Nimesema bila kodi ya nyumba. Jengeni mapema, jengeni ndogo. Mitaani kumejaa mapagale ya vyumba vitano yaliyoanzwa kwa mkopo na kumalizwa kwa mkupuo wa kustaafu, na mwenye nyumba akaingia sebule kubwa mfukoni mkavu. Sisi tuna kiwanja Mlandizi, tunajenga vyumba viwili na sebule, msingi umekaa upande utakaoruhusu kuongeza viwili vya kupangisha. Tofali tunafyatua wakati wa kiangazi, kidogo kidogo. Fungu la ujenzi linatoka kwenye cherehani peke yake, halichovyi kwenye la uzee.

Kuhusu mkupuo, tumekubaliana na kuandika: miezi sita ya kwanza hauguswi. Hauendi kwenye daladala, hauendi kwenye kuku, haukopeshwi kwa ndugu. Mtu ambaye hajawahi kufuga kuku kumi asianze na elfu moja akiwa na miaka 60. Kama kuna biashara ya uzeeni, ijaribuni sasa, mngali na mshahara wa kufidia makosa. Na bima ya afya ipangwe kabla ya siku ya mwisho kazini, kwa kuuliza kwa maandishi kama inaendelea na kwa masharti gani.

Hatua ya 8: Safari

Fungu la 50,000 linatoa 600,000 kwa mwaka, na tunaligawa mara mbili.

Juni ni Njombe. Safari hii inajilipa sehemu kwa mahindi. Barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa karibu kilomita 50, kwa hiyo panda basi la mchana na mpe mtoto kiti cha dirishani. Twiga, pundamilia na hata tembo wetu wa kwanza tuliwaona hivyo. Beba masweta, Njombe Juni ni baridi kali.

Desemba ni Morogoro kwa treni ya SGR. Nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar ni shilingi 13,000, watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu. Sisi wawili, mkubwa ambaye analipa kamili, na wadogo wawili: kwenda na kurudi 104,000. Chakula tunabeba, maji ya milima ya Uluguru tunachezea bure, usiku tunalala kwa mdogo wangu na tunamfikia na mchele. Mgeni asiye mzigo hualikwa tena.

Siku moja tutaingia hifadhini kabisa. Raia wa Afrika Mashariki analipa kiingilio kidogo mno kuliko mgeni, tena kwa shilingi. Gharama kubwa ni gari, hivyo tafuteni familia mbili tatu mkodi moja.

Na safari kubwa ni ya sisi wawili, mwaka wa kustaafu: treni ya TAZARA mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, kilomita 1,860, kisha tushuke kusini hadi maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria. Hii ndiyo tunataka ilipwe na riba peke yake. Hatifungani ya milioni 5 kwa asilimia 12 inatoa 300,000 kila miezi sita, na mtaji unabaki palepale. Pasipoti ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10, kwa hiyo hatuna haraka. Ukiichukua mapema mno inaisha muda kabla hujapanda treni.

Hatua ya 9: Kikao cha Jumapili

Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya chakula cha mchana, tunafungua daftari wote watano. Tunasoma matumizi, tunasoma mafungu matatu, tunasema kilichoharibika. Kuna mwezi binti yetu alilazwa na fungu la dharura likashuka nusu. Tulisimamisha la safari miezi minne tukalijaza tena, la uzee halikuguswa. Watoto walikuwepo tulipoamua. Yule wa kati ndiye sasa anayeshika kalamu na kujumlisha, na mwezi uliopita alituambia fungu la Desemba limebakiza 38,000 kutimia na kwamba tukate tiketi mapema, kabla shule hazijafungwa.